Bustani ya Susu

Watu wakitajiwa maisha makuu hufikiri habari za majemadari, za watawala, na za wasafiri waliovuka bahari. Mimi nikitajiwa maisha makuu humkumbuka mwanamke mmoja mkongwe, mfupi wa kimo, ambaye siku zake zilipita kati ya mahali pawili: bustani na kanisa. Kutoka mlangoni pake hata bustanini palikuwa hatua arobaini. Kutoka bustanini hata kanisani palikuwa mwendo wa nusu saa. Katika mzunguko huo mdogo aliishi zaidi ya miaka hamsini. Hakupata cheo, hakuandikwa gazetini, wala hakuacha fedha katika benki. Lakini aliniachia fundisho moja ambalo limenifaa kuliko vyeti vyangu vyote, nami nililipata kwa aibu kubwa. Nitalisimulia bila kujificha, maana aibu iliyosimuliwa huweza kumfaa mwingine. Iliyofichwa haimfai hata mwenyewe.

Mwanamke huyo alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Sisi Wakamba nyanya humwita Susu, na kwa jina hilo nitamwita hapa, kwa kuwa sikuwahi kumwita kwa jina jingine. Aliishi upande wa Masii, katika ile iliyokuwa Wilaya ya Machakos, nchi ya vilima vyekundu, ya migunga, na ya mito ambayo muda mwingi wa mwaka huwa mchanga mtupu. Baba alifanya kazi Nairobi, na mama alikuwa pamoja naye. Mimi niliachwa kwa Susu ili nisome shule ya msingi na ili awepo mtu wa kumtekea maji.

Kazi zake zilikuwa zimeandikwa katika mwili wake. Juu ya paji la uso alikuwa na mfuo, alama ya ukanda ambao wanawake wa kwetu hubebea maji na kuni mgongoni. Magoti yake yalikuwa magumu kama kwato. Sisi watoto tulibishana juu ya magoti hayo: wengine walisema ugumu ule ulitokana na sala, wengine walisema ulitokana na palizi. Siku moja tulimwuliza mwenyewe. Akacheka sana, akasema kwamba hata yeye hakumbuki ni lipi lililotangulia.

Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuujua. Alijua tu kwamba mwaka 1938 alikuwa msichana mkubwa, kwa sababu aliwaona jirani zake wakifunga masurufu na kuondoka kwa miguu kwenda Nairobi kumlalamikia Gavana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, ikidai kwamba mifugo imezidi na ardhi inakwisha kwa mmomonyoko. Kiongozi wa malalamiko hayo alikuwa Muindi Mbingu, ambaye kwa ajili hiyo alihamishiwa Lamu. Susu alipotusimulia habari hizo alikuwa na neno lake. Alisema kwamba serikali iliuona ugonjwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa ikienda kweli. Ila dawa yake ilikuwa ya mtu asiyempenda mgonjwa.

Baada ya hapo ilikuja amri ya kuchimba matuta. Watu walitolewa majumbani kwa nguvu, nao waliichukia kazi ile, kwa kuwa ilifanywa chini ya macho ya msimamizi. Katika miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Kazi ya matuta ilikabidhiwa vikundi vya mwethya, yaani jirani wanaosaidiana zamu kwa zamu, leo shambani mwako, kesho shambani mwangu. Viongozi wao waliwachagua wenyewe. Jembe lilikuwa lile lile na jua lilikuwa lile lile, lakini kazi iliyolaaniwa ikaanza kuimbiwa nyimbo. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, na Susu alikuwa mmoja wao.

Njia ya kuchimba iliyoshinda nyingine ni ile iitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaopita ubavuni mwa kilima kwa usawa, wala hauteremki. Na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu, ukawa ukingo. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kuushika. Mvua ikinyesha, maji hushuka pamoja na udongo mpaka ukingoni. Udongo hukaa, na maji huzama polepole. Miaka ikipita mteremko hugeuka kuwa ngazi pana zilizo sawa. Wataalamu wa nchi za mbali hulitia jina hilo la Kiswahili katika vitabu vyao pasipo kulitafsiri. Susu hakuvisoma vitabu hivyo, lakini mikono yake ilikuwamo ndani yake.

Sasa nitasema jinsi alivyolipenda kanisa. Watu wengine huitwa na mahubiri. Yeye aliitwa na majembe. Alibatizwa akiwa mama mwenye watoto, baada ya kujifunza kusoma jioni kwa jioni pamoja na wanawake wengine wazima, chini ya mti, kwa katekista. Wakati huo Misa ilisomwa kwa Kilatini, naye aliyashika majibu kwa moyo kama mtu ashikavyo wimbo wa lugha ya kigeni. Alikuwa Mkristo, lakini, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mgeni mlangoni. Kisha mume wake, ambaye alikuwa kibarua katika shamba la mkonge, akafariki dunia, akamwacha na watoto wanne na shamba lisilolimwa. Mvua ilikuwa karibu. Asubuhi moja alipofungua mlango aliona wanawake ishirini wa kigango chao wamekwisha kuanza kulima. Hawakupiga hodi, wala hawakumwomba chakula. Walilima mpaka adhuhuri, wakapanda, wakasali kidogo pale pale juu ya udongo mbichi, wakaenda zao.

"Tangu siku ile," alizoea kusema, "sikuweza tena kulitenga shamba na kanisa. Waliokuja shambani walitoka kanisani. Nami nikienda kanisani nitatoka wapi, kama si shambani?"

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanywa kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, Misa ilianza kusomwa kwa lugha za watu. Susu alisema kwamba siku ya kwanza aliposikia maneno ya altare kwa Kikamba aligeuka nyuma, akidhani kuna mtu wa nyumbani kwake anayemwita.

Kanisa lenyewe lilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye paa la mabati. Padre alifika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista aliongoza sala. Mchanga wa ujenzi ulichukuliwa na wanawake kutoka mtoni, na Susu alijua ni pembe ipi ya ukuta iliyokula mchanga wake. Kila Jumamosi alasiri alikwenda kulifagia. Alinyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipande, akafagia kutoka altareni kuelekea mlangoni, akapangusa mabenchi, kisha akatia maua katika chombo cha udongo kilichosimama mbele ya altare. Hakuandikwa kazi hiyo, wala hakulipwa. Mtu akimshukuru alishangaa, kama ambaye ameshukuriwa kwa kufagia nyumba yake.

Bustani yake ilikuwa juu ya tuta la kwanza chini ya nyumba. Haikuwa kubwa, lakini haikuwa na shubiri moja iliyokaa bure. Ukingoni palikuwa na mbaazi na mipapai. Katikati palikuwa na sukumawiki, mchicha, kunde, vitunguu na maboga. Samadi ya mbuzi ilirundikwa pembeni, ikageuzwageuzwa mpaka ikawa nyeusi na laini, isiyochoma mizizi. Majivu ya jikoni hayakutupwa: mengine yalinyunyizwa juu ya majani kufukuza wadudu, mengine yalichanganywa na maharagwe ghalani ili fukusi wasiyatoboe. Mwishoni, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa na mashina sita ya waridi jekundu. Hayo yalikuwa ya kanisa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchuma hata moja, wala yeye mwenyewe hakuchuma kwa ajili ya meza yake.

Mavuno ya kwanza ya kila kitu yalikwenda kanisani. Kikapu cha kunde, boga moja, mapapai mawili. Vitu hivyo vilipelekwa mbele wakati wa sadaka, na baada ya sala vilinadiwa nje chini ya mti. Mara nyingi nilimwona Susu akinunua katika mnada ule boga alilolilima mwenyewe. Nilimwambia kwamba hiyo ni hasara ya mara mbili. Akanijibu kwamba boga lile lilikuwa la Mungu tangu asubuhi, na kwamba yeye ni mnunuzi kama wanunuzi wengine.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda mpaka mwaka 1984. Wazee wa Kenya hawausahau mwaka huo. Mvua za masika, ambazo hutazamiwa kuanza mwezi wa Machi, hazikuja. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Njaa iliyofuata Wakamba waliiita "nikw'a ngwete", yaani "nafa hali nimeshika", kwa sababu watu wengi walikuwa na fedha mkononi lakini madukani hapakuwa na chakula cha kununua. Baba alituletea fedha kutoka Nairobi. Susu alizifunga katika pindo la leso, nazo zikakaa humo kama majani makavu. Baadaye serikali iliagiza mahindi kutoka nchi za nje, na ndipo tulipoyaona mahindi ya manjano, ambayo wengi hawakuyapenda lakini wote waliyala.

Maji yalikuwa shida kuliko chakula. Tulikwenda mtoni alfajiri, tukachimba mchangani shimo la kina cha mtu mzima, tukangoja maji yajikusanye, tukayachota kwa kikombe mpaka debe lijae. Debe moja lilikula nusu siku. Susu akaweka sheria ya nyumba. Maji ya kunywa na ya kupikia yalikuwa ya watu. Mifugo ilipewa kipimo chake asubuhi. Maji yaliyosuuzia vyombo hayakumwagwa. Yalitiwa katika ndoo, na kila jioni mimi nilipaswa kuyapeleka kwenye mawaridi, kikombe kimoja kwa kila shina.

Ilikuwa Kwaresima. Katika siku hizo altare haipambwi kwa maua, na chombo cha Susu kilikaa kitupu tangu Jumatano ya Majivu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 22 Aprili. Susu alikuwa amekata mashina yale kwa hesabu, ili maua yachanue kwa siku hiyo. Mboga zilikuwa zimekwisha kufa. Nilimwuliza, "Susu, maua hayaliwi. Mbona tunayapa maji?"

Akasema, "Ni kweli, mjukuu wangu, hayaliwi. Lakini watu hawa wameona vumbi miezi mingi. Siku ya Pasaka nataka waingie ndani waone kitu kimoja kilichopona."

Jibu lile halikuniridhisha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nami nilikuwa na mbuzi wangu jike, mweupe mwenye doa jeusi shingoni, niliyepewa na mjomba. Kipimo cha asubuhi hakikumtosha. Jioni alinifuata akilia, akilamba ndoo kwa nje. Niliyatazama maji, nikamtazama mbuzi, nikayatazama mawaridi, nikatoa hukumu yangu mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya zizi nikampa mbuzi maji yote. Niliporudi, Susu aliniuliza, "Umeyanywesha?" Nikasema, "Nimeyanywesha." Neno hilo halisemi aliyenyweshwa ni nani. Nilijiona mwerevu. Nilifanya hivyo majuma mawili.

Macho ya Susu yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo hakuyaona majani mapema. Lakini jioni moja alipita bustanini, akainama, akatia kidole chake udongoni karibu na shina la kwanza. Akaenda la pili, akatia kidole. Alikwenda mashina yote sita. Kisha akaniita. Nilikuja nikitetemeka, kwa kuwa nilijua kwamba mtu huweza kudanganya kwa maneno, lakini udongo mkavu hausemi kwamba ni mbichi.

Nilimwambia yote. Nilingoja fimbo, haikuja. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Mbuzi ni kiumbe, na kiu yake ni ya kweli. Ungaliniuliza, ningalimpa. Sikulaumu kwa kumhurumia mbuzi. Nakulaumu kwa kuwa kila jioni nilikuuliza neno moja, nawe kila jioni ukaniacha nilale katika uongo. Mimi nikienda zangu kulala, kazi iliyo mikononi mwako nani huiona? Ni wewe tu. Na kama wewe huwezi kujiamini, nani atakuamini?"

Hakusema tena habari hiyo. Tangu siku ile alitenga maji yake ya kunawia uso jioni, akampa mbuzi wangu kwa mkono wake mwenyewe. Nilisimama nikimtazama, na nasema kweli kwamba fimbo ingalikuwa nyepesi.

Mawaridi hayakuwahi kupona. Jumamosi kuu Susu alinipa chombo kile cha udongo, akasema, "Altare haitakaa tupu siku ya Pasaka. Tafuta." Nilizunguka kilimani tangu adhuhuri. Nchi yote ilikuwa rangi ya majivu. Mwisho nilikuta migunga miwili bondeni, miti ambayo wakati mwingine huchanua hata mvua ikikawia. Ilikuwa na vijiua vidogo vya rangi ya maziwa, vyenye harufu nzuri, katikati ya miiba mirefu kuliko kidole changu. Nilikata matawi, nikarudi mikono ikitoka damu.

Asubuhi ya Pasaka wanawake walipoingia walistaajabu. Mmoja alimwuliza Susu, kwa sauti ya kusikika, "Mawaridi yako wapi mwaka huu? Umetuletea miiba?" Susu akajibu, "Mwaka huu hayakufika." Hakusema uongo, wala hakunitaja. Angaliweza kunitaja, na ingalikuwa haki. Wengine walicheka. Hapo nilihisi kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeyanyima maji mawaridi yale mara ya pili. Nikasimama, nikasema, "Nimeyaua mimi." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini kanisa lilikuwa dogo pia, na watu wote wakasikia. Susu akanivuta mkono, nikaketi. Mkono wake haukuniacha mpaka sala zilipokwisha.

Jambo la pili la mwaka ule lilihusu mbegu. Juu ya meko, palipofika moshi, Susu alitundika vibuyu vitatu vyenye mbegu za kunde, za pojo na za mahindi, vimezibwa kwa magunzi. Mwezi wa Julai ulipofika, tulikuwa tukila mara moja kwa siku. Usiku nililala nikivitazama vile vibuyu. Mara moja nilimwomba tupike kimoja tu. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kupika vyao, na hakuna awezaye kuwalaumu, kwa sababu walikuwa na watoto wachanga. Susu naye alikuwa amekonda hata ukanda wa kubebea maji ulimteleza. Alinisikiliza, akasema kwamba watoto wa nyumba wakilala bila kuamka, atavipika vyote. Lakini maadamu tunaweza kwenda mtoni kwa miguu yetu, mbegu si chakula. "Nikizila leo," alisema, "nimekula na shamba lenyewe."

Mvua zilirudi katika vuli, kuanzia mwezi wa Oktoba. Harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo ule sitaisahau. Lakini mvua bila mbegu ni kama kalamu bila wino, na nyumba nyingi hazikuwa na kitu cha kupanda. Jumapili iliyofuata Susu alivishusha vibuyu vyake. Nilidhani vinakwenda shambani, vilikwenda kanisani. Baada ya sala alikaa chini ya ule mti wa mnada, akiwa na kikombe cha bati, akapima. Kila nyumba ilipata kikombe cha kunde, kikombe cha pojo, na mkono wa mahindi. Hakupokea hata senti. Alitoa sharti moja: atakayevuna arudishe kipimo kile kile, si kwake yeye, bali katika pipa litakalowekwa nyuma ya kanisa, kwa mwaka mwingine kama huo. Yule mama aliyeuliza habari za miiba alikuwa wa tatu katika foleni. Susu alimpimia mpaka kikombe kikafurika.

Wakati wa mavuno nyumba zote zilirudisha, isipokuwa mbili, na pipa lile lilidumu katika kigango chetu kwa miaka mingi. Mtu mmoja alimwuliza Susu kama hakuogopa kwamba watu hawatarudisha. Akasema, "Mkulima ambaye haogopi kuitupa mbegu ardhini, ataogopaje kuitia mkononi mwa jirani?"

Mwezi wa Novemba, mashina mawili kati ya yale sita ya waridi yalichipua tena kutoka mizizini. Manne hayakurudi. Susu hakuyang'oa yale makavu mpaka mwaka uliofuata. Sikumwuliza sababu, nilidhani naijua.

Aliishi miaka mingi baada ya hayo. Mwishoni macho yakamwacha kabisa, lakini hakuiacha bustani. Alitambua magugu kwa vidole, akajua mchicha kwa majani yake na kunde kwa mtambao wake. Jumamosi alishikwa mkono kwenda kanisani, akafagia kwa kufuata mistari ya mabenchi. Vijana walirudia kufagia baada yake alipoondoka, pasipo kumwambia, nami naamini kwamba alijua. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2002, wakati udongo ulipokuwa mbichi na rahisi kuchimbika. Wanawake wa mwethya walikuja kulima shamba lake juma lile lile, kama walivyokuja zamani. Wengi wao walikuwa mabinti na wajukuu wa wale ishirini wa kwanza.

Mimi nilirithi kibuyu kimoja. Nafanya kazi mjini, katika ofisi yenye vitabu vya hesabu, na kazi yangu ni ya aina ambayo mtu akiandika tarakimu isiyo kweli, huenda isionekane kwa miaka mingi. Kibuyu kile kiko juu ya kabati langu. Kila nikishika kalamu mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kuona, husikia lile swali la kila jioni: "Umeyanywesha?" Siku nyingine nimejaribiwa kulijibu kama nilivyolijibu utotoni. Sijasema kwamba nimekuwa mtu mwema kama Susu. Nasema tu kwamba tangu Pasaka ile najua jinsi kidole kinavyoingia udongoni.

Ninyi mnaosoma haya mtapewa kazi ndogo kabla ya kupewa kubwa. Mtapewa ufunguo wa maktaba, fedha za chama, zamu ya kufagia, mnyama wa kulisha. Mtu mzima atawauliza swali fupi, naye ataamini jibu lenu, akaenda kulala. Basi mkumbukeni mkongwe mmoja wa Masii, ambaye alilima bustani isiyo kubwa na kufagia kanisa lisilo kubwa, siku ambazo aliangaliwa na siku ambazo hakuangaliwa, na kazi yake ilikuwa ile ile. Na kama mmekwisha kumpa mbuzi maji ya waridi, nendeni mkaseme mapema, kabla mizizi haijakauka. Mawili kati ya sita yalirudi. Ningalisema mapema, pengine yangalirudi yote.